Mota chakavu kama jenereta ya upepo

Jenereta ya upepo ya mota chakavu ni mtambo mdogo wa kuzalisha umeme unaotengenezwa nyumbani au katika karakana kwa kutumia mota iliyotolewa kwenye kifaa kibovu, kama vile printa, feni, gari au pikipiki. Mapanga yanayosukumwa na upepo hufungwa kwenye shafti ya mota hiyo. Shafti inapozunguka, mota hutoa umeme badala ya kuutumia. Umeme huo huchaji betri, na betri ndiyo inayowasha taa na redio au kuchaji simu.

Makala hii inaeleza jinsi mota inavyogeuka kuwa jenereta, ni mota zipi zinafaa na zipi zinamchosha fundi bure. Inaangalia hasa hali ya Ifakara na bonde la Kilombero katika mkoa wa Morogoro, Tanzania, ambako mota chakavu hazikosekani lakini upepo ni haba.

Kwa nini mota inaweza kutoa umeme

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hutokea ndani ya waya huo. Jambo hilo ndilo msingi wa kila jenereta, kuanzia dainamo ya baiskeli hadi mitambo ya Kidatu. Mota ina vitu vilevile viwili, sumaku na koili, ila yenyewe inapewa umeme ili izunguke. Ikizungushwa kwa nguvu ya nje, kazi inarudi kinyumenyume.

Inasimuliwa kwamba jambo hili lilijulikana kwa wengi kwa bahati. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873 mashine mbili za Zénobe Gramme, zote zikiwa dainamo, ziliunganishwa kwa waya. Moja ilipozungushwa na injini ya mvuke, ya pili ikaanza kuzunguka yenyewe. Mwanafunzi anaweza kurudia jaribio hilo leo mezani kwa mota mbili za magari ya kuchezea ya watoto. Aunganishe nyaya zake, azungushe moja kwa vidole, na aitazame nyingine.

Si kila mota hukubali kwa urahisi. Mota yenye sumaku za kudumu ndani yake hutoa umeme mara inapozungushwa. Mota isiyo na sumaku za kudumu, kwa mfano ya feni ya dari, ya mashine ya kukoboa mpunga au ya blenda, haina sumaku mpaka ipewe umeme kwanza, kwa hiyo inahitaji hila ya ziada. Jaribio la haraka ni kuunganisha nyaya mbili za mota pamoja na kuzungusha shafti kwa mkono. Ikiwa shafti inakuwa nzito ghafla, na nyaya zikiachanishwa inakuwa nyepesi tena, mota hiyo ina sumaku za kudumu na inafaa kuendelea kupimwa.

Historia

Baadhi ya majaribio ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo yalifanywa na James Blyth huko Marykirk, Uskoti, mwaka 1887, na Charles Brush huko Cleveland, Marekani, mwaka 1888. Nchini Denmark aliyeendeleza kazi hiyo tangu 1891 alikuwa Poul la Cour, mwalimu wa chuo cha wananchi huko Askov, ambaye pia alifundisha vijana wa vijijini kuwa mafundi umeme.

Matumizi ya vifaa vya mitumba yalianza mara magari yalipoenea. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakulima wengi wa Marekani, ambao hawakuwa na waya wa umeme, walifunga mapanga kwenye dainamo za magari mabovu ili kuchaji betri za redio. Mwaka 1935 serikali yao iliunda wakala wa kusambaza umeme vijijini ambao kwa herufi uliitwa REA, sawa kabisa na Wakala wa Nishati Vijijini wa Tanzania uliotokana na sheria ya mwaka 2005. Nguzo zilipofika, vinu vile vya nyumbani viliachwa vikaota kutu.

Katika Afrika mfano unaojulikana kuliko yote ni wa William Kamkwamba wa Malawi. Baada ya njaa ya miaka 2001 na 2002 wazazi wake hawakuweza kulipa ada, naye akaacha shule akiwa kidato cha kwanza. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, wilaya ya Kasungu, alisoma kitabu cha sayansi chenye picha za vinu vya upepo. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 14, alijenga kinu chake kwa feni ya trekta, bomba la plastiki lililonyooshwa kwa moto, shokamzoba, fremu ya baiskeli na dainamo yake. Dunia ilimfahamu alipozungumza katika mkutano wa TED uliofanyika Arusha mwezi Juni 2007. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2009, na filamu mwaka 2019.

Wengi wanaosimulia habari hiyo hutaja baiskeli kama jambo la kuchekesha tu, kumbe ndiyo siri ya mtambo wenyewe. Mapanga makubwa huzunguka polepole, ilhali dainamo hutaka kasi kubwa. Mnyororo uliongeza kasi mara ya kwanza. Gurudumu la baiskeli, ambalo kipenyo chake ni zaidi ya sentimita 60, likazungusha kigurudumu cha dainamo chenye kipenyo cha sentimita 2 hivi, na hapo kasi ikaongezeka mara 30. Bila baiskeli, dainamo ile isingewasha hata taa moja.

Tatizo la kasi

Hapa ndipo majaribio mengi hufa. Mtu anaokota mota iliyoandikwa volti 24, anaifunga mapanga, anaipandisha juu ya mti, mapanga yanazunguka vizuri na kupendeza, lakini betri haichaji. Mota si mbovu. Volti zinazotolewa na mota ya sumaku za kudumu hulingana na kasi yake ya kuzunguka. Mota iliyoandikwa volti 24 na mizunguko 3,000 kwa dakika itatoa takribani volti 24 ikizungushwa mara 3,000 kwa dakika. Ikizungushwa mara 300 itatoa volti 2.4 tu.

Sasa mapanga huzunguka kwa kasi gani? Mapanga matatu yaliyotengenezwa vizuri husafiri kwenye ncha zake kwa kasi inayokaribia mara 5 ya kasi ya upepo. Tuchukue mapanga ya kipenyo cha mita 1.2 katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, upepo unaotikisa majani na vijitawi vyembamba bila kukoma. Ncha zitakwenda mita 20 kwa sekunde. Mzingo wa duara lake ni mita 3.77, kwa hiyo mapanga yatazunguka kama mara 5.3 kwa sekunde, yaani karibu mara 320 kwa dakika.

Betri ya volti 12 haianzi kuchaji mpaka ipate volti 13 na zaidi, na daiodi nayo hula sehemu ya volti moja. Hivyo fundi anatafuta mota inayotoa volti 14 kwa mizunguko 320. Mota za namna hiyo ni chache. Ni zile zilizotengenezwa kwa volti nyingi na mwendo mdogo.

Kupima ni rahisi, na kunapaswa kufanyika kabla ya kununua chochote kingine. Mota hubanwa kwenye drili ambayo kasi yake imeandikwa, na volti husomwa kwa mita. Tuseme drili ya mizunguko 600 kwa dakika inatoa volti 5. Ili kufikia volti 14 mota hiyo itahitaji mizunguko karibu 1,700, mara tano ya kile ambacho mapanga yetu yanaweza kutoa katika upepo wa mita 4. Asiye na drili anaweza kuzungushia uzi kwenye shafti, kuuvuta kwa mwendo mmoja na kuhesabu mizunguko kwa saa, ingawa jibu lake litakuwa la kukadiria.

Mota iliyoshindwa mtihani huo bado inaweza kufaa kwa kazi ndogo. Puli na mkanda huongeza kasi, lakini hula nguvu, na katika upepo hafifu mapanga hushindwa hata kuanza. Njia nyingine ni kupunguza volti zinazohitajika. Seli moja ya lithiamu, kama zile zinazotolewa katika betri za kompyuta mpakato zilizochoka, hujaa kwa volti 4.2. Mota yetu ya volti 5 kwa mizunguko 600 ingeweza kuichaji ikizunguka mara 560 hivi, na mapanga madogo ya kipenyo cha sentimita 70 yanafika kasi hiyo katika upepo wa mita 4 tu. Mavuno yake ni wati 2 au 3, yaani taa ndogo moja au mbili za LED. Seli za lithiamu zisichajiwe bila kidhibiti chake kidogo cha kuzuia kujaa kupita kiasi, maana zinaweza kuwaka moto.

Mota zinazopatikana Ifakara

Mji wa Ifakara una pikipiki nyingi, vituo vya fotokopi, mafundi redio, mashine za kukoboa mpunga na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo mota zinazopatikana ni tofauti na zile zinazosifiwa katika vitabu vya nchi tajiri, ambako watu hupenda mota za mashine za kukimbilia ndani ya nyumba na za mashine za kufulia. Hizo katika bonde hili ni adimu.

Mota ya wipa ya gari hupatikana haraka, na ndiyo inayowadanganya wengi. Ina gia ya msumeno wa parafujo inayopunguza kasi kwa makumi ya mara, na gia hiyo hairudi nyuma. Ukizungusha upande wa wipa, shafti inakataa. Gia ikitolewa, mota yenyewe inabaki ya mwendo kasi na itatoa volti moja na ushei tu kwa mizunguko 300. Mota ya feni ya rejeta ina tatizo hilohilo la kasi, ingawa haina gia.

Altaneta ya gari inaonekana kuwa ndiyo jibu, kwa kuwa tayari ni jenereta ya volti 12. Lakini haina sumaku za kudumu. Hulipa betri deni kwanza kwa kuchukua ampea 2 hadi 3 ili kujitengenezea sumaku, yaani wati 24 hadi 36, na huanza kuchaji ikishapita mizunguko elfu moja na zaidi. Katika upepo wa kawaida wa Ifakara altaneta hula kuliko inavyozalisha. Betri inaisha usiku kucha huku mapanga yakizunguka.

Mota za printa na fotokopi zinazokwenda kwa hatua hatua zina nyaya 4, 5 au 6 badala ya 2. Hizi hutoa volti za kutosha hata zikizunguka polepole. Umeme wake hubadilika mwelekeo na hutoka katika njia mbili, kwa hiyo zinahitajika daiodi 8, nne kwa kila njia. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ni wati chache, na sumaku zake hushikashika mkononi unapozizungusha. Mshiko huo huzuia mapanga kuanza katika upepo mdogo. Kwa mradi wa shule, hata hivyo, hakuna mota nzuri kuliko hii, kwa sababu taa huwaka kwa kuzungusha kwa vidole na mwanafunzi anaona matokeo hapo hapo.

Mota ya feni ya dari, yaani pangaboi, imejengwa kwa ajili ya mwendo wa polepole wa mizunguko 300 na kitu, na koili zake ni nyingi. Sehemu yake ya nje haina sumaku. Mafundi wengine huichonga na kubandika sumaku ndani yake, moja kwa kila ncha ya koili, kaskazini na kusini zikipishana. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa hutoa jenereta nzuri. Volti zake zinaweza kuwa nyingi kiasi cha kumpiga mtu shoti, hivyo zinapaswa kushushwa kwa transfoma kabla ya kufika kwenye betri.

Mota inayostahili kutafutwa kuliko zote katika bonde hili ni magineti ya bodaboda. Kila pikipiki ina gurudumu zito lenye sumaku za kudumu linalozunguka nje ya duara la koili. Yenyewe hutoa umeme wa kuchaji betri ya volti 12 injini inapokuwa kwenye sailensa, tuseme mizunguko 1,400 kwa dakika. Hiyo bado ni kasi mno, lakini koili zake zinaweza kusukwa upya, na fundi wa kusuka mota anajua kazi hiyo. Koili ya mizunguko 40 ya waya wa milimita 1 ikiondolewa na mahali pake pakawekwa mizunguko 160 ya waya wa milimita 0.5, shaba inayotumika ni ileile kwa uzito, lakini volti huongezeka mara 4. Sasa volti 14 zinapatikana kwa mizunguko 350, kasi ambayo mapanga ya mita 1.2 huifikia katika upepo wa mita 4.4 kwa sekunde. Ampea hupungua kwa kiasi kilekile, na waya mwembamba hupata joto haraka, lakini upepo wenyewe hautoi nguvu za kuuunguza isipokuwa katika dhoruba. Gurudumu hilo lina beringi za injini tu, ambazo hubaki kwenye injini, kwa hiyo fundi lazima atengeneze shafti na beringi mpya. Kitovu cha gurudumu la mbele la pikipiki hutumika sana kwa kazi hiyo.

Upepo wa bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Upande wa kaskazini-magharibi limekingwa na ukuta wa milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero kina mita 2,576, na upande wa kusini-mashariki na nyanda za juu za Mahenge. Ifakara iko chini kabisa, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo ndiyo inayoleta mvua, mito na mpunga, lakini pia ndiyo inayozuia upepo.

Nguvu ya upepo hukua kwa kasi yake mara tatu ikizidishwa kwa yenyewe. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Mapanga ya kipenyo cha mita 1.2 hufagia eneo la mita za mraba 1.13. Hewa ya Ifakara ina uzito wa kilogramu 1.15 hivi kwa kila mita ya ujazo. Upepo wa mita 3 kwa sekunde unaopita katika eneo hilo una nguvu ya wati 17.5, ule wa mita 6 una wati 140, na ule wa mita 9 una wati zaidi ya 470. Hakuna mtambo unaoweza kuchukua zote. Mjerumani Albert Betz alithibitisha mwaka 1919 kwamba kikomo ni asilimia 59.3, na mtambo wa nyumbani wa mota chakavu ukipata asilimia 25 fundi wake anastahili pongezi. Basi mavuno ni wati 4, wati 35 na wati 118.

Tofauti kati ya wati 4 na wati 118 ndiyo tofauti kati ya Ifakara na Makambako. Msafiri wa treni ya TAZARA anayepanda kutoka Mlimba kwenda Makambako anatoka kwenye joto tulivu la bonde na kufika nyanda zenye upepo ambao ni miongoni mwa ule mkali wa Tanzania, pamoja na wa Singida. Huko juu, wilayani Mufindi, ndiko lilikojengwa shamba la kwanza la upepo lililounganishwa na umeme wa wananchi, la Mwenga, lenye mitambo 3 na megawati 2.4, lililoanza kazi mwaka 2020.

Hata ndani ya bonde pana tofauti. Mchana miteremko ya Udzungwa hupata joto na hewa hupanda. Usiku hewa baridi hushuka kupitia mabonde ya mito. Kijiji kilicho kwenye mdomo wa bonde la mto kinaweza kupata upepo wa jioni ambao mjini Ifakara hausikiki. Uwanda wa mafuriko nao uko wazi, hauna miti mirefu. Ndiko familia nyingi za wakulima huhamia wakati wa msimu wa mpunga, wakikaa kwenye vibanda vya shambani mbali na nguzo za umeme. Kwao taa moja ya kuaminika ina maana kuliko kwa mkazi wa mjini: ya kumwona nyoka, ya kupikia usiku, ya kuwinga ndege alfajiri kukiwa na giza, na simu yenye chaji mtoto anaposhikwa na homa.

Je, upepo unaweza kuwapa taa hiyo? Kwa kawaida paneli ya jua inawapa kwa bei nafuu zaidi. Paneli ya wati 50 hutoa karibu wati-saa 200 kwa siku ya jua zuri. Mtambo wa mapanga ya mita 1.2 katika upepo usiobadilika wa mita 3 ungetoa takribani wati-saa 100 kwa saa 24, endapo mota yake ingeweza kuchaji kwa kasi hiyo ndogo, na mota nyingi haziwezi. Wengine husema upepo utasaidia wakati wa masika jua linapofichwa na mawingu. Hoja hiyo ina nguvu mahali pengine, lakini katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania upepo huvuma zaidi miezi ya kiangazi, Juni hadi Novemba, wakati ambapo jua nalo lipo. Kwa hiyo mtu wa Kilombero anayetaka taa tu na ana fedha za paneli, anunue paneli. Mota chakavu inamfaa yule asiye na fedha lakini ana vifaa na muda, mtu anayeishi kwenye mwinuko ulio wazi, na shule.

Kabla ya kujenga ni busara kupima upepo kwa mwezi mmoja au miwili. Ukanda mwepesi wa plastiki ukifungwa juu ya mlingoti na kutazamwa asubuhi, mchana na jioni hueleza mengi. Ukining'inia siku nyingi, mlingoti huo usijengewe jenereta.

Mapanga na mlingoti

Mapanga hutengenezwa kwa mbao nyepesi isiyo na vifundo au kwa bomba la plastiki la maji machafu la inchi 6 au 8. Bomba hukatwa kwa urefu katika vipande vitatu au vinne, na kila kipande huchongwa kiwe kipana karibu na kitovu na chembamba nchani. Mviringo wa bomba ndio unaolipa panga mkunjo unaotakiwa. Mapanga matatu yapimwe kwa mizani na kusawazishwa, kwani tofauti ya gramu chache hutikisa mlingoti mzima na kuua beringi. Mapanga ya feni ya dari hayafai. Ni bapa, mazito, na yamekusudiwa kusukuma hewa.

Mlingoti uzidi kwa mita kadhaa kila mti na paa vilivyo karibu, maana upepo unaopita juu ya miembe huja ukiwa umevurugika. Nguzo ya mtiki au mkaratusi hutosha ikifungwa kwa waya pande nne. Ni vizuri iwe na bawaba chini ili iweze kulazwa kwa matengenezo. Kupanda mlingoti mapanga yakiwa yanazunguka ni hatari kubwa, na panga la plastiki linalozunguka mara 500 kwa dakika huvunja mkono.

Betri na ulinzi

Kati ya mota ya nyaya mbili na betri lazima iwepo daiodi. Bila hiyo, upepo ukitulia betri huizungusha mota kama feni na asubuhi haina kitu.

Kidhibiti cha chaji cha paneli ya jua hakifai kwa upepo. Betri ikijaa, kidhibiti hicho hukata njia ya umeme. Paneli haiumii, lakini jenereta ya upepo isiyo na mzigo huongeza kasi bila kizuizi mpaka mapanga yanapasuka. Kidhibiti cha upepo hufanya tofauti: betri ikijaa huuelekeza umeme kwenye mzigo wa kando, kwa mfano waya wa pasi ya zamani au taa kubwa za gari. Breki ya mota ya sumaku za kudumu ni swichi inayounganisha nyaya zake pamoja, na hufungwa dhoruba inapokaribia. Kwenye dhoruba kali breki hiyo peke yake inaweza kushindwa, ndiyo sababu mitambo mizuri huwa na mkia unaojikunja na kuyageuza mapanga kando ya upepo wenyewe.

Mtambo wa namna hii usiunganishwe kamwe na nyaya za nyumba yenye umeme wa TANESCO. Fundi anayetengeneza laini akiamini imezimwa anaweza kuuawa na umeme unaorudi kutoka nyumbani kwa mtu.

Mota zilezile kwenye maji

Mto Kilombero hupeleka karibu theluthi mbili ya maji ya mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Pembezoni mwa bonde lenyewe kuna mitambo ya Kidatu, megawati 204, iliyoanza mwaka 1975, na ya Kihansi, megawati 180, iliyofunguliwa mwaka 2000. Wakazi wa vijiji vingi vya hapa wameishi miaka mingi na koroboi huku nguzo kubwa zikipita juu ya mashamba yao kwenda mijini.

Kijito kidogo kinachoshuka Udzungwa kinaweza kuifanyia mota chakavu kazi ambayo upepo umeshindwa. Lita 5 za maji kwa sekunde zikishuka mita 10 zina nguvu ya wati 490, na nusu yake ikipatikana ni wati 245, usiku na mchana. Maji hayo huizungusha mota kwa kasi moja isiyobadilika, kwa hiyo tatizo la kasi linatatuliwa mara moja kwa kuchagua puli. Hata mota ya umeme wa njia tatu kutoka mashine ya kukoboa, ambayo haina sumaku za kudumu, hutoa umeme ikizungushwa kidogo kupita kasi yake ya kawaida na kufungiwa kapasita za kutosha, kwa sababu chuma chake hubaki na usumaku kidogo wa kuanzia.

Mipaka ipo. Vijito vingi vya Udzungwa vinaanzia ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, ambamo hairuhusiwi kujenga bila kibali, na nje ya hifadhi matumizi ya maji yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Vijito hivyo pia hupungua sana kufikia Oktoba na Novemba.

Vifaa vinavyobaki

Baada ya mota kutolewa, mabaki ya printa, redio na betri hayapaswi kuchomwa moto. Plastiki ya nyaya ikichomwa ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu, na waya unaomenywa kwa kisu huuzwa kwa bei nzuri zaidi kuliko uliochomwa. Betri za risasi zilizokufa zina asidi na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata ikiwa kidogo. Zirudishwe zikiwa nzima kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu, bila kumwaga asidi yake shambani ili kupunguza uzito.